Vidude vya kuzuia wizi na sura ya bidhaa: Kanzu ya Idd ifikapo Faza na pini yake

KANZU iliyonunuliwa Mombasa katika siku za mwisho za Ramadhani husafiri safari ndefu kabla ya kuvaliwa Faza. Hupakiwa kwenye basi hadi Mokowe, ikavushwa hadi Lamu, kisha ikangoja maji yajae ndipo chombo kiweze kupita mkondo wa Mkanda na kuelekea kaskazini mwa kisiwa cha Pate. Inapokunjuliwa hatimaye na kukutwa ina kidude cha plastiki kilichobanwa ubavuni kwa pini ya chuma, mwenyewe huwa amekwisha kuachana na duka kwa masafa ya bara na bahari. Risiti anayo na pesa amelipa, ila vazi halivaliki.

Kidude hicho ni mojawapo ya zana za kuzuia wizi dukani, ambazo aghalabu huwa za mafungu mawili. Kuna vidude vigumu vya plastiki, vinavyobanwa kwenye nguo, viatu na mikoba, na ambavyo keshia huviondoa mteja akishalipa. Kisha kuna vibandiko vyembamba ambavyo haviondolewi, bali huzimwa palepale kaunta. Vyote hufanya kazi kwa kujibizana na milingoti iliyosimamishwa mlangoni: milingoti hutoa mawimbi, kidude kikayajibu, king'ora kikalia.

Baadhi ya vibandiko hutumia mawimbi ya redio, aghalabu ya megahezi 8.2, na ndani yake mna utepe wa alumini uliozungushwa mara nyingi. Vingine vina vipande vya metali vinavyotikisika kwa kilohezi 58. Hivi huvimba kidogo, havilali bapa kama karatasi, na mara nyingine huchapishwa juu yake mistari ya bandia inayofanana na ile ya bei ili visitambulike. Vidude vigumu navyo, vingi vyake, vina vigololi vya chuma vinavyoishika pini, na sumaku yenye nguvu ndiyo huvivuta hadi viiachie. Vipo pia vilivyotiwa vichupa vya wino vinavyopasuka kidude kikilazimishwa. Shabaha ya wino huo si kumnasa mwizi, bali kuhakikisha kwamba alichoiba hakimfai. Mashaka ni kwamba wino hauwezi kumpambanua mwizi na mnunuzi halali aliyesahauliwa na keshia.

Zana hizi zilianza kuenea Marekani tangu miaka ya 1960. Wanaotajwa zaidi ni Arthur Minasy wa New York na Ronald Assaf, mwanzilishi wa kampuni ya Sensormatic. Hata hivyo, haja yenyewe ilizaliwa mapema zaidi. Mnamo 1916, Clarence Saunders alifungua mjini Memphis duka la Piggly Wiggly, ambamo mteja aliruhusiwa kuingia na kujichukulia bidhaa rafuni kwa mkono wake. Kabla ya hapo bidhaa zilikaa nyuma ya muuzaji, na mteja aliomba. Mtindo huo ulienea ulimwenguni, na nchini Kenya ukashika mizizi kupitia maduka kama Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, na yale yaliyofuata, hadi Carrefour iliyofungua duka lake la kwanza nchini mwaka 2016.

Kwa mabadiliko hayo bidhaa ilipewa kazi ambayo awali ilikuwa ya muuzaji, nayo ni kujinadi. Rangi ya pakiti, maandishi, picha na mng'aro wa karatasi vyote vikawa ulimi wake. Papo hapo, maadamu ilikuwa karibu na mkono wa mteja, ikawa karibu na mkono wa mwizi pia. Ndipo kikabandikwa juu yake kitu ambacho mbunifu wa pakiti hakukipangia nafasi.

Athari zake kwa sura ya bidhaa ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Nguo nyepesi yenye kidude kizito huvutwa upande mmoja, ikaning'inia kombo. Anayeijaribu mbele ya kioo haoni jinsi itakavyomkaa. Pini hupenya nyuzi. Kwenye pamba nzito tundu hujifunga baada ya kufuliwa mara moja mbili, lakini kwenye hariri nyuzi hukatika na alama husalia, na kwenye ngozi tundu halizibiki kamwe. Kwa sababu hiyo wauzaji makini huichoma pini kwenye mshono au lebo, na kwa viatu huitia katika tundu la kamba. Wasio makini huichoma popote.

Chukua kofia ya vito, ile ambayo wenyeji wa Lamu na visiwa vyake huishona kwa mkono kwa majuma au hata miezi. Uzuri wake wote umo katika vitundu vidogo vilivyopangwa kwa hesabu na kuzungushiwa uzi. Tundu moja la pini lisilokuwa katika hesabu hiyo huonekana na jicho lililozoea, na thamani ya kofia ikashuka. Kofia kama hiyo ikiuzwa katika duka la kitalii mijini, pini haina pahala pa kupita pasipo kuharibu. Pengine dawa ni kuiweka ndani ya kabati la kioo.

Kabati nalo lina gharama yake. Nyembe, manukato, maziwa ya unga ya watoto na vinywaji vya bei ghali vimekuwa vikifungiwa ndani ya visanduku vya plastiki angavu au kuzungushiwa nyaya. Mteja huona pakiti lakini hawezi kuigeuza asome mgongoni, wala hawezi kunusa. Wengine huona soni kumwita mhudumu afungue, wakaondoka bila kununua. Wenye maduka wanalijua hilo, na bado hawakubaliani: wako wanaotaka kidude kionekane waziwazi ili mwenye nia mbaya aogope, na wako wanaotaka kifichwe ili mnunuzi asijihisi mshukiwa. Ukweli ni kwamba kila upande una hasara yake.

Kwa mnunuzi wa Faza, jambo zito zaidi si urembo bali maandishi. Kibandiko hubandikwa pale penye nafasi bapa, na mara nyingi nafasi hiyo ndiyo iliyochapishwa tarehe ya mwisho wa matumizi, orodha ya viungo au alama ya halali. Kukibandua ni kuing'oa karatasi pamoja na maneno yake. Kipengele cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kopo la nyama lisiloonyesha kama ni halali, mikononi mwa Mwislamu aliye mbali na duka, ni kopo asiloweza kulitumia.

Faza yenyewe haijaufuata mtindo wa kujichukulia kama miji mikubwa. Mji huu wa kale, ambao Wareno waliuita Ampaza na kuuteketeza mwaka 1587, umezoea bidhaa zinazokuja kwa bahari, na maduka yake ni yale madogo ya kaunta, ambamo mwenye duka humfahamu mteja, babake na pengine deni lake. Jicho la mwenye duka ndilo king'ora. Si kwamba ulinzi huo hauigusi sura ya bidhaa. Wavu wa chuma juu ya kaunta huikata pakiti vipande vipande machoni mwa mteja. Sabuni na biskuti hupangwa juu kabisa zisikofikiwa na mkono, zikapauka na kushika vumbi. Pakiti ndogo za shampuu na majani ya chai huning'inizwa kwa mkufu mrefu. Tofauti ni kwamba kizuizi hubaki dukani, ilhali bidhaa hutoka ikiwa safi.

Viwandani, juhudi tangu miaka ya 1990 zimekuwa ni kukitia kidude ndani ya bidhaa inapotengenezwa, chini ya soli ya kiatu au ndani ya boksi, ili pakiti isiguswe dukani. Mwaka 2023, Inditex ya Uhispania, inayomiliki maduka ya Zara, ilitangaza mpango wa kuviondoa vidude vigumu na kutumia chipu iliyotiwa ndani ya vazi lenyewe. Sura ya nguo itapona. Mnunuzi naye hatajua tena kwa macho kama kilichomo kimezimwa.

Kwa sasa kinga iliyo bora ni ya palepale kaunta. Mnunuzi anayesafiri mbali afaa kulipapasa vazi mishono yote kabla ya kulitia mfukoni, hasa kwapa, pindo na kiuno, na kuitunza risiti hadi litakapovaliwa. Kidude kikigunduliwa nyumbani, kisivunjwe kwa koleo wala kisu, kwa sababu ya wino na kwa sababu kitambaa huchanika kabla ya plastiki. Wala vazi lisiwekwe kabatini kwa muda mrefu likiwa na pini: hewa ya chumvi ya visiwani hushika chuma upesi, na doa la kutu kwenye kanzu nyeupe ni gumu kutoa kuliko tundu. Kukiondoa ni wajibu wa duka lililouza. Vazi likirudishwa kwa mkono wa abiria mwingine, apewe risiti na aelezwe amjulishe mlinzi kabla ya kuvuka milingoti, kwa kuwa king'ora huweza kumlilia anayeingia kama kinavyomlilia anayetoka.