Dada wa kusimama mbele ya stendi: kazi hii ilitoka wapi?

Ndugu na dada wa chama, leo siandike juu ya mbegu wala mbolea. Ninawaletea historia, lakini nianze na siku moja ya kwangu mwenyewe.

Nilikuwa ninamaliza licence ya agronomia. Kulikuwa maonyesho ya teknolojia hapa Bukavu, siku tatu, ndani ya sale moja ya Ibanda. Kampuni moja ilileta programu ya simu ya kusaidia wakulima, na walinichukua kama hotesi. Dola kumi kwa siku, bila karatasi yoyote. Mwenye kutuchagua hakuniuliza ninasoma nini. Aliniuliza urefu wangu, na kama niko na viatu vya kisigino. Tisheti yenye walinipatia ilikuwa ya kubana sana. Nilipoomba kubwa kidogo, akanijibu: "Dada, weye njo afishi yetu."

Siku ya pili akaja baba mmoja mkulima kutoka Kabare. Alikuwa na picha ndani ya simu: majani ya mgomba yamekuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizikata ndani ni rangi ya kahawia. Mtu yeyote mwenye alisoma agronomia hapa Kivu anajua: ni mnyauko wa bakteria. Lakini baba hakuniuliza mimi. Aliuliza kijana wa kuvaa koti, na kijana akamwambia anunue dawa ya kupulizia. Nikafungua kinywa: "Baba, ugonjwa huu hauna dawa, inafaa ukate..." Mkubwa wa stendi akanivuta mkono. "Dada, kazi yako ni kucheka na kugawa karatasi."

Nikanyamaza. Nilinyamaza juu ya dola kumi, minerval ilikuwa haijaisha kulipwa. Baba akaenda. Mpaka leo sijui kama alinunua hiyo dawa, na sijui kama shamba lake liko.

Tangu siku ile ninajiuliza: nani aliamua kwamba mwanamke kwenye maonyesho ni wa kuangaliwa, si wa kuulizwa?

Tuanze mbali. Maonyesho makubwa ya dunia yalizaliwa kwa kuonyesha mashine, lakini yalionyesha watu pia. Sisi Wakongomani tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1897, mfalme Léopold II alipeleka Wakongomani 267 kule Tervuren, karibu na Bruxelles, wakae ndani ya vijiji vya kujengwa ili Wazungu wawatazame. Saba walikufa kule. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya Bruxelles, kijiji cha Wakongomani kilirudi tena. Watazamaji walifika kuwatupia ndizi juu ya uzio. Mwezi wa saba, ndugu zetu walichoka na matusi, wakarudi nyumbani. Kwenye maonyesho hayohayo ya 1958, yenye alama yake ilikuwa Atomium na ndoto ya nguvu za atomi, kulikuwa pia mahotesi: wasichana Wabelgiji wa kuvaa sare, wa kupokea wageni na kuwaongoza. Sisemi mateso yao ni mamoja, hapana. Mmoja alitukanwa kwa rangi yake, mwingine alisifiwa kwa uzuri wake. Lakini wote wawili waliwekwa pale ili mgeni aangalie.

Miaka tisa nyuma ya hapo, mwaka 1967, maonyesho ya vyombo vya elektroniki ya CES yalianza New York. Leo yanafanyika Las Vegas, na ndipo dunia inaonaka televisheni na simu mpya. Wanunuzi wakubwa wa wakati ule walikuwa wanaume, na kampuni zikapata njia rahisi: weka msichana wa nguo fupi pembeni ya mashine, mwanaume atasimama. Mashine ilikuwa na fundi wa kuieleza. Msichana hakuwa na neno la kusema. Desturi hiyo ikaenda kwa magari, kwa pikipiki, kwa michezo ya video.

Na huku kwetu? Mwaka uleule wa 1967, Mobutu alianzisha chama cha MPR. Wazazi wetu wanakumbuka animasio ya politiki: wamama na wasichana wanapangwa kwa mistari, wamevaa pagne moja yenye sura ya rais, wanacheza saa nyingi kwa jua wakingojea mkubwa ashuke. Hakuna mwenye kuwauliza wanafikiri nini juu ya mipango ya serikali. Tulikubali kwamba sherehe bila wasichana wa kupokea si sherehe. Hata leo angalia kila kolasio, kila ufunguzi wa jengo: nani anashika sahani ya mkasi na utepe? Na nani anakata?

Kisha simu za mkononi zikaingia. Vodacom ilianza kazi Kongo mwaka 2002, na kampuni zingine zilikuwako ao zikafuata. Mashindano yakawa makali: kuuza kadi, kuuza namba, kuuza intaneti. Muziki mkubwa barabarani, tisheti ya rangi, msichana wa kucheza. Pombe ilikuwa imetangulia kwa njia hiyo.

Na hapo kwa pombe njo dunia iliamka kidogo. Mwandishi wa habari Mholanzi Olivier van Beemen alichunguza kampuni ya Heineken, yenye ilikuwa mama wa Bralima yetu wakati ule, ndani ya nchi nyingi za Afrika. Alieleza namna wasichana wa kutangaza bia walivyokuwa wanashikwashikwa na wateja, na namna kampuni ilivyokuwa inajua shida hiyo tangu miaka mingi. Mwezi wa tatu 2018, Mfuko wa Dunia wa kupambana na Sida, kifua kikuu na malaria ulisimamisha ushirikiano wake na Heineken juu ya habari hizo. Kampuni ikaahidi kubadilisha nguo, masomo na usafiri wa usiku kwa wale wasichana.

Linganisheni sasa na kitu kingine cha hapa kwetu. Wafanyakazi 168 wa zamani wa Bralima Bukavu, wenye walipoteza kazi wakati wa vita ya RCD, kati ya 1999 na 2003, walipeleka malalamiko yao Uholanzi mwaka 2015. Mwaka 2017 wakapata mapatano na kampuni. Walichukua miaka mingi, lakini waliweza, juu walikuwa wafanyakazi wa kujulikana, majina yao yalikuwa ndani ya vitabu vya kampuni. Hotesi wa siku tatu atapeleka nini? Hana kontra, hana karatasi ya malipo, mara nyingi hata jina la kampuni yenye ilimlipa halijui, kwa sababu alichukuliwa na mtu wa katikati. Kwangu mimi, hii njo mzizi. Nguo fupi ni jani tu. Ukikata jani na kuacha mzizi, mmea unarudi. Muulize mkulima yeyote.

Dunia ya teknolojia yenyewe imejaribu kukata majani. Mwaka 2006, maonyesho ya michezo ya video ya E3 kule Los Angeles yaliweka faini ya dola 5.000 kwa stendi yenye kuweka wasichana wa nguo za kuonyesha mwili. Mwaka 2018, mashindano ya magari ya Formula 1 yaliacha wasichana wa kusimama mbele ya magari. CES nayo iliweka sheria ya nguo kwa maonyesho ya 2020. Ni vizuri. Lakini mtu anaweza kuvaa koti mpaka shingoni na bado akakatazwa kusema.

Ninajua jibu la wengine wenu: "Dada, hakuna mwenye aliwalazimisha, na pesa wanapata." Ni kweli, mimi nilikubali, na nilipata. Siwacheke badada wenye wanafanya kazi hii. Wengi wanalipa masomo ya wadogo zao. Lakini kukubali kwa njaa si ruhusa ya kushikwa kiuno. Na sheria iko: ile ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inataja usumbufu wa kingono kama kosa la jinai. Tena kumbukeni, mpaka mwaka 2016 mwanamke wa ndoa hapa Kongo alikuwa anahitaji ruhusa ya mume wake ili afanye kazi. Ni juzi tu. Basi tusishangae kama wakubwa wengi bado wanafikiri sauti ya mwanamke ni ya kuombewa ruhusa.

Sisi wenye diplome tutafanya nini? Kesho baadhi yetu tutapanga maonyesho, tutafungua kampuni ndogo. Mwenye unamweka mbele ya stendi, mpe kontra hata ya ukurasa mmoja, jina lake kwenye kifua, na masomo ya saa mbili juu ya kitu unachouza. Umuulize alisoma nini. Na wewe mwenye unatembelea, uliza swali lako kwa huyo dada kwanza.

Na kama baba wa Kabare ao mtoto wake anasoma hapa: ugonjwa ule hauna dawa ya kupulizia. Kata shina lenye limegonjwa, toa ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na upitishe panga kwenye moto kila mara mbele ya kugusa mgomba mwingine. Hilo njo nilitaka kukuambia siku ile.