Wimbo wa Mto Mississippi na Watu Walioutunga

Kaeni vizuri, shikeni kalamu na madaftari yenu. Wale walio na karatasi za somo hili mkononi wafuate mstari kwa mstari, kidole kikitangulia, wakati mimi ninasoma.

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za wimbo mmoja. Wimbo huo ulitungwa Marekani, ukaimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Jina lake ni "Ol' Man River", na maana yake ni "Mzee Mto". Watu wengi waliousikia katika santuri walidhani kuwa ni wimbo wa kale wa watumwa, wimbo usio na mwenyewe. Sivyo. Wenyewe wanajulikana kwa majina. Watu wawili waliutunga, na mtu wa tatu, ambaye alikuwa mwimbaji, akabadili maneno yake. Tutazame kwa nini aliyabadili. Jambo hili linatuhusu sisi tunaojifunza kusoma, kwa sababu kila neno lililoandikwa yuko mtu aliyelichagua.

Kwanza tujue mchezo wa nyimbo ni kitu gani. Katika New York iko njia kubwa iitwayo Broadway. Huko na katika njia za jirani zimejengwa nyumba nyingi za michezo ya kuigiza. Katika mchezo wa nyimbo wachezaji husema, kisha huimba, kisha hucheza ngoma, na wapiga muziki hukaa chini mbele ya jukwaa. Kazi ya kutunga nyimbo mara nyingi hugawanywa. Mmoja hutunga sauti, mwingine hutunga maneno. Watu wa jukwaani husimulia hadithi moja, na labda imetiwa chumvi kidogo. Wanasema kwamba mke wa mtunzi wa sauti alisifiwa karamuni kwa wimbo huu wa mto. Mke wa mtunzi wa maneno akadakia, "Mume wake hakuutunga wimbo huu. Yeye alitunga la-la-la-la tu. Mume wangu ndiye aliyetunga wimbo." Hadithi hiyo huchekesha, lakini yafaa tuikumbuke, maana mbele tutaona nguvu ya maneno.

Mtunzi wa sauti aliitwa Jerome Kern. Alizaliwa New York mwaka 1885 katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa kijana redio haikuwapo majumbani. Watu walinunua nyimbo zilizopigwa chapa katika karatasi, wakazipiga wenyewe kwa piano nyumbani. Kern aliwahi kufanya kazi ya kupiga piano ili wanunuzi wazisikie nyimbo hizo na kuzipenda. Mtunzi wa maneno aliitwa Oscar Hammerstein. Alizaliwa katika mji huo huo mwaka 1895. Babu yake, ambaye jina lao ni moja, alikuwa na nyumba za michezo. Kijana huyu aliwekwa kusoma sheria, lakini akaiacha akafuata jukwaa.

Siku zile michezo mingi ya nyimbo ilikuwa ya kuchekesha tu. Wimbo uliweza kutolewa katika mchezo huu ukatiwa katika mchezo ule, na hadithi isiharibike, kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kern na Hammerstein walitaka jambo jingine. Walitaka mchezo wenye hadithi nzito, na kila wimbo uwe na kazi yake ndani ya hadithi hiyo.

Hadithi waliipata katika kitabu cha mwandishi mwanamke, Edna Ferber, kilichotoka mwaka 1926. Kitabu kinaitwa "Show Boat", maana yake ni chombo cha majini cha maonyesho. Mto Mississippi ni mrefu sana. Hutoka kaskazini ya Marekani ukashuka zaidi ya kilomita 3,700 hata baharini kusini. Zamani vilikuwako vyombo vikubwa vilivyojengwa kama nyumba ya michezo, vikaenda mji hata mji katika mito. Chombo kikifika, watu wa mji hulipa kiingilio, wakaingia kutazama mchezo, na kesho yake chombo huenda zake.

Katika hadithi hiyo, chombo kinakwenda katika nchi za kusini, ambako watu weusi walikuwa watumwa mpaka vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865. Utumwa umekwisha, lakini sheria za kubagua watu zipo. Mchezaji mkubwa wa kike katika chombo ni Julie. Watu wanamdhania kuwa ni mzungu, na mume wake ni mzungu. Kumbe mama yake alikuwa mtu mweusi. Siku moja Julie anaimba wimbo fulani wa mapenzi. Mpishi wa chombo, mwanamke mweusi aitwaye Queenie, anashangaa. Anauliza Julie ameujulia wapi wimbo huo, maana yeye amewasikia watu weusi tu wakiuimba. Hapo ndipo siri ya Julie inapoanza kuonekana. Mnaona jinsi wimbo ulivyopewa kazi ndani ya hadithi? Ukiuondoa wimbo huo, hadithi inapata tundu.

Kisha mkuu wa polisi anakuja kuwakamata, kwa kuwa sheria ya mahali pale inamkataza mzungu kuoana na mtu mweusi. Mume wa Julie anaichukua sindano? La, anachukua kisu, anamkata mkewe kidogo mkononi, anainyonya damu yake. Polisi anapofika, anamwambia kwamba yeye naye ana damu ya mtu mweusi mwilini. Watu wa chombo wanashuhudia kuwa ni kweli. Mke na mume hawafungwi, lakini wanalazimika kuondoka chomboni. Wala msidhani kuwa hayo yalikuwa mambo ya hadithi tu. Sheria za namna hiyo zilikuwako kweli katika majimbo mengi, na Mahakama ya Juu ya Marekani haikuzifuta mpaka mwaka 1967, miaka 40 baada ya mchezo huu.

Mchezo ulifunguliwa New York tarehe 27 Desemba, 1927, ukachezwa mara 572. Watu weusi na wazungu walionekana katika jukwaa moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Lakini tuseme yote. Queenie, yule mpishi mweusi, alichezwa na mwanamke mzungu aliyejipaka rangi nyeusi usoni. Na neno la kwanza kabisa lililoimbwa pazia lilipofunguliwa lilikuwa jina la matusi wanaloitwa watu weusi. Waimbaji weusi ndio waliolazimika kulitamka. Hammerstein alitaka kuonyesha taabu ya watu hao, na moyo wake ulikuwa upande wao. Hata hivyo, aliyeandika neno ni yeye, na aliyelibeba kinywani ni mwingine.

Sasa tuje kwenye wimbo wetu. Katika mchezo unaimbwa na Joe, mume wa Queenie, mtu mweusi anayebeba mizigo mtoni. Anautazama mto. Yeye anafanya kazi mpaka mgongo unauma, anaogopa kifo, na mto unapita tu, haumwulizi mtu hali. Sauti ya wimbo huanza chini kabisa, kama maji mengi yanayokwenda polepole. Mwisho hupanda juu, mpaka mwimbaji atumie pumzi yake yote. Hadithi ya mchezo huchukua miaka mingi, watoto huzaliwa na watu huzeeka, na wimbo huo hurudi tena na tena. Kwa njia hiyo hushika hadithi nzima kama kamba inavyoshika shanga.

Mwaka 1928 mchezo ulipelekwa London, na Joe akachezwa na Paul Robeson. Tumjue mtu huyu. Alizaliwa Marekani mwaka 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa kijana, baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Paul alisoma chuo kikuu, akawa mchezaji hodari wa mpira, akasomea sheria, kisha akawa mwimbaji na mchezaji wa jukwaani. Sauti yake ilikuwa nene na ya chini, kama ngoma kubwa ipigwayo mbali. Alipokaa London, katika miaka ya kwanza ya 1930, alijifunza lugha za Kiafrika, na moja ya lugha hizo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu huyu naye alikaa darasani akiwa mtu mzima, akajifunza maneno tunayoyasema mimi na ninyi.

Robeson aliimba wimbo wa Joe London, kisha New York mwaka 1932, kisha katika sinema ya mwaka 1936. Ulimpa sifa kubwa. Lakini kadiri alivyouimba, maneno yake yalimkera. Katika miaka ya mwisho ya 1930 alianza kuyabadili katika maonyesho yake mwenyewe. Sikilizeni vizuri. Lile jina la kudharau watu weusi alilitupa. Pale Joe anapoeleza kuwa mtu akilewa kidogo hutiwa gerezani, Robeson alisema kuwa mtu akionyesha ushujaa kidogo hutiwa gerezani. Na pale Joe anapoungama kuwa amechoka na maisha na anaogopa kufa, Robeson aliimba kwamba lazima aendelee kupigana hata kufa kwake.

Sauti ya Kern haikuguswa hata kidogo. Yalibadilishwa maneno machache tu. Lakini mtu anayesimama kando ya mto sasa ni mwingine. Wa kwanza ameinamisha kichwa. Wa pili amekiinua.

Je, Hammerstein alifurahi? Hapana. Alisema wazi kwamba maneno ni yake, wala hakumpa mtu ruhusa ya kuyageuza. Na sisi tusiwe wepesi wa kumlaumu. Mtunzi ana haki juu ya kazi yake, kama fundi seremala asivyopenda mtu kuja kukata miguu ya meza aliyoiunda. Tena mtu huyu alijua kusimama imara kwa jambo jema. Mwaka 1949 yeye na mtunzi mwingine wa sauti, Richard Rodgers, walitoa mchezo uitwao "South Pacific". Ndani yake umo wimbo unaosema kuwa hakuna mtoto azaliwaye na chuki ya rangi. Wakubwa ndio wanaomfundisha. Sisi tunasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Watu waliwashauri wautoe wimbo huo, kwa kuwa utawaudhi watazamaji. Walikataa, na wimbo ukabaki. Hammerstein alifariki mwaka 1960.

Robeson naye alilipa kwa maneno yake. Kwa sababu alisema hadharani juu ya ubaguzi na siasa za nchi yake, mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Kwa miaka minane hakuweza kwenda ng'ambo kuimba. Mwaka 1952 alisimama juu ya lori kwenye mpaka, akawaimbia maelfu ya watu waliokusanyika upande wa Marekani na upande wa Kanada. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London kwa njia ya simu, yeye yuko New York. Mwaka 1958 alirudishiwa pasipoti. Miaka miwili baadaye alifika Sydney, Australia, mahali palipokuwa pakijengwa jumba kubwa la muziki. Jengo halijakwisha, vyuma vimesimama, mafundi wamevaa nguo za kazi. Akawaimbia wimbo wa mto pale pale. Wajenzi ndio waliokuwa wa kwanza kusikia mwimbaji mkubwa mahali hapo. Robeson alifariki mwaka 1976.

Basi, wimbo ni wa nani? Kern alitoa sauti, nayo bado inapendwa. Hammerstein alitoa maneno, na bila yeye Joe asingekuwa na kinywa. Robeson alikuwa mtu ambaye maneno hayo yalimhusu, na alikataa kujitukana mwenyewe mbele ya watu. Mchezo uliporudishwa New York mwaka 1946, neno la matusi la mwanzo lilikuwa limekwisha ondolewa na kuwekwa jingine. Wachezaji wengi wa siku hizi hawalisemi neno lile, na wimbo haukupungua kitu.

Wanafunzi wangu, mtapewa maneno mengi ya kusoma: barua, hati, magazeti, nyimbo. Mnapoyasoma, ulizeni ni nani aliyeyachagua, na yanamsema nani. Kabla hujatia sahihi, soma. Kabla hujaimba, sikiliza unaimba nini.

Sasa andikeni maswali haya katika madaftari yenu, mjadiliane na mwalimu wenu wa darasa.

1. Jerome Kern alifanya kazi gani katika wimbo huu, na Oscar Hammerstein alifanya kazi gani?

2. Wimbo wa Julie ulifichuaje siri yake?

3. Taja mabadiliko mawili aliyoyafanya Robeson katika maneno ya wimbo.

4. Je, mwimbaji ana haki ya kubadili maneno ya mtunzi? Wanaosema ndiyo watoe sababu zao, na wanaosema siyo watoe zao.

5. Chukua wimbo mmoja unaoimbwa kwenu, wa harusi, wa kazi au wa kubembeleza mtoto. Andika maneno yake, kisha andika sentensi tatu kueleza wimbo huo unamsema nani, na unamsema kwa wema au kwa dharau.