Songo Songo: Gesi Iliyongoja Miaka Thelathini

Mwaka 1974 kampuni ya AGIP kutoka Italia, ikitafuta mafuta, ilichoronga kisima kisiwani Songo Songo, Kilwa, ikakutana na gesi. Ilipopiga hesabu ikaona haina faida, ikaiacha. Wageni walipoondoka, ndipo ilipoanza kazi ya wenyewe.

Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, liliundwa 1969 na kuanza kazi 1973. Lilikuwa bado changa kama mtoto wa kutambaa, lakini halikukubali kwamba gesi ile haina thamani. Kati ya 1976 na 1983 visima vingine vilichorongwa, kisiwani na baharini, na kila takwimu ikahifadhiwa. Ilikuwa miaka ya Vita vya Kagera, na fedha za kigeni hazikupatikana, ila kazi iliendelea. Vijana wetu wa jiolojia waliijifunza pale, miongoni mwa wavuvi waliowapokea vizuri. Hao wote nawashukuru kwanza, maana bila wao tusingekuwa na cha kusimulia.

Ndoto ya wakati ule iliitwa KILAMCO, kiwanda cha kutengeneza amonia na mbolea ya urea Kilwa kutokana na gesi hiyo. Sisi wa Ibaba, tunaolima mahindi huku milimani Ileje, tunaijua bei ya mfuko wa mbolea unapofika kutoka mbali. Mtaji haukutimia, kiwanda hakikujengwa.

Miaka ya tisini ilikuwa ya mazungumzo marefu ya mikataba, tuliyavuka. Mwaka 2001 mkopo wa Benki ya Dunia ukapatikana. Mwaka 2004 gesi ikafika Dar es Salaam, kwa bomba la kilomita 25 baharini hadi Somanga Funga na kilomita 207 nchi kavu, ikaendesha mitambo ya umeme ya kampuni ya Songas, Ubungo, na tanuri za saruji za Wazo Hill. Ukame wa 2006 ulipokausha mabwawa ya umeme, gesi ilisaidia kuwasha taa. Baadaye ikaja gesi ya Mnazi Bay, Mtwara; yakaja manung'uniko ya watu wa Mtwara 2013 juu ya gesi kupelekwa Dar es Salaam, ambayo yalituumiza wote; kisha bomba kubwa la Mtwara hadi Dar es Salaam 2015, na mitambo ya umeme ya Kinyerezi.

Leseni ya Songo Songo, ya miaka 25, inaishia Oktoba 2026. Watakaokaa mezani kuijadili, nawaomba walifungue tena lile jalada la mbolea.