Skrini ya Laptopu Yako Iliamuliwa Kitambo, na Si Wewe Uliyeamua

Leo tuongee kuhusu skrini. Mtu akienda kununua laptopu (ama kipakatalishi, kama bado unatafuta maksi za insha) anauliza RAM ni ngapi, diski ni SSD ama ile ya zamani, betri inakaa masaa mangapi. Skrini haiulizwi. Ikiwaka, imewaka. Mimi pia sikuuliza, na nusura niharibu harusi ya watu.

Mwaka juzi nilinunua laptopu ya Ksh 26,000 hapa Nairobi, zile tunaita ex-UK. Sehemu ya hizo pesa mama alikopa kwa chama. Plani ilikuwa nibuni mabango na kadi, nilipe deni, na maisha yaendelee. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kadi 150 za harusi. Bibi harusi alitaka zambarau iliyokolea, "kama biringanya," alirudia hiyo biringanya mara tatu. Kwa skrini yangu ilikuwa biringanya kabisa. Kwa karatasi ikatoka kama sweta ya shule ya msingi. Mtu wa kuchapa hakuwa na kosa, alichapa nilichompa. Nililipia kadi zingine kutoka mfukoni mwangu, na deni la chama likachelewa miezi mitatu. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Usiku huo nilifungua ile picha kwa simu yangu, nikaiweka kando ya laptopu. Zambarau mbili tofauti. Nikasimama kwenda kunywa maji, nikaangalia laptopu kutoka juu, na zambarau ikageuka tena ikawa ya tatu. Hapo ndipo nilianza kusoma.

Hadithi inaanza na karoti, na sitanii. Mwaka wa 1888 huko Prague, mtaalamu wa mimea aliyeitwa Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kolesteroli aliyoitoa kwa karoti. Kitu alichotengeneza nayo kilikuwa na tabia ya ajabu: kiliyeyuka kwa nyuzijoto 145.5, kikawa uji wa ukungu, halafu kwa nyuzijoto 178.5 ule ukungu ukapotea, kikawa maji safi. Yaani kiliyeyuka mara mbili. Alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, na Lehmann akagundua kwamba ule ukungu unamiminika kama maji lakini unachezea mwanga kama fuwele. Ndiyo hizo "fuwele za majimaji" ziko ndani ya kila skrini ya LCD. Kwa karibu miaka 80 hakuna aliyejua za kufanyia nini.

Mwaka wa 1968 kampuni ya RCA ya Marekani, ambayo ilikuwa imetajirika kwa televisheni, iliita waandishi wa habari kuwaonyesha skrini ya fuwele iliyobuniwa na kundi la George Heilmeier. Ilikula umeme, na wakubwa wa RCA hawakuona haja ya kushindana na televisheni zao wenyewe. Wakaachia hapo. Wajapani hawakuachia: mwaka wa 1973 Sharp iliuza kikokotoo cha mfukoni chenye skrini ya fuwele.

Sasa sehemu inayotuhusu mimi na wewe. Wolfgang Helfrich, aliyewahi kufanya kazi hapo RCA, alihamia Basel, Uswisi, kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche. Ndiyo, Roche ya dawa. Yeye na Martin Schadt waliwasilisha hataza yao tarehe 4 Desemba 1970. Marekani, James Fergason alikuwa na wazo hilo hilo, na wakavutana kuhusu nani alitangulia. Wazo lenyewe ndilo TN.

Fikiria vioo viwili vyembamba, kila kimoja kina kichujio kinachopitisha mwanga wa mkao mmoja tu. Cha kwanza kinapitisha mwanga uliolala, cha pili uliosimama. Kwa kawaida mwanga ungekwama. Lakini katikati kuna molekyuli za fuwele zilizopangwa kama ngazi ya kuzunguka, zinaugeuza mwanga digrii 90, unapita. Ukiweka umeme kidogo, molekyuli zinainuka, ngazi inavunjika, mwanga unakwama, hapo panakuwa peusi. Umeme unaotumika ni kidogo sana, ndiyo maana saa ya mkononi inakaa miaka na betri moja. Kilichobaki kilikuwa fuwele zisizoharibika haraka na zinazofanya kazi kwa joto la kawaida la chumba, na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akazitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa pesa za wizara ya ulinzi ya nchi yake.

Umeona tatizo liko wapi? Molekyuli zinainuka. Zikiwa zimeinama nusu, mtu aliye mbele anaziona kwa njia moja, aliye juu kwa njia nyingine, na aliye chini anaona rangi zimepinduka kama negativu ya filamu. Kwa kikokotoo hiyo si shida, nambari ni nyeusi tu. Kwa uso wa mtu, ama biringanya, ni shida kubwa. TN ilizaliwa kuonyesha nambari, halafu tukaipachika kazi ya kuonyesha dunia yote.

Dawa ilipatikana mapema kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Günter Baur huko Freiburg, Ujerumani, lilifanyia kazi fuwele ambazo haziinuki bali zinazunguka zikiwa zimelala, sambamba na kioo. Mwaka wa 1996 Hitachi wakaanza kuuza skrini za hivyo. Hiyo ndiyo IPS. Ukiiangalia kutoka juu, chini, ama ubavuni, rangi inabaki karibu ile ile. Ubaya ni kwamba nyaya za umeme zote zilikaa upande mmoja wa kioo na kuziba mwanga, kwa hivyo ilihitaji taa kali zaidi nyuma, ilikula betri, ilikuwa polepole kubadilisha picha, na ilikuwa ghali. Miaka mingi ilibaki ya madaktari na wabunifu.

Halafu mwaka wa 2010 Apple wakaweka IPS kwa iPad na kwa iPhone 4, na simu zikaanza kushindana kwa skrini. Laptopu za ofisini zikabaki nyuma. Fungua laptopu nyingi za kikazi za kati ya 2012 na 2016 na utakutana na ile ile: TN, pikseli 1366 kwa 768. Si kwamba IPS haikuwepo. Mara nyingi modeli ile ile iliuzwa na skrini zote mbili, na mnunuzi alichagua.

Na mnunuzi hakuwa wewe. Hii ndiyo sehemu hunikera. Laptopu ya ex-UK ilinunuliwa kwanza na kampuni fulani ng'ambo, kwa mamia, na mtu wa manunuzi ambaye kazi yake ilikuwa kupunguza gharama. Ukipunguza pauni chache kwa kila mashine mara mia tano, bosi anakupenda. Wafanyakazi walikuwa wanaandika barua pepe, na mezani walikuwa na skrini nyingine kubwa. Baada ya miaka mitatu, minne hivi, mashine zikatolewa, zikauzwa kwa jumla, zikapanda meli, zikafika orofa ya tatu ya jengo fulani katikati ya jiji, mahali mama yako anahesabu noti. Uamuzi wa yule mtu wa manunuzi bado uko ndani ya kifuniko. Mimi nililipia kadi 150 kwa sababu yake, na hata hatujuani.

Kuna waliojaribu kufikiria skrini kwa ajili ya watu wa huku. XO, ile laptopu ndogo ya kijani ya mradi wa OLPC ya mwaka wa 2007 iliyofika hadi shule za Rwanda, ilikuwa na skrini iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen ambayo unaweza kuisoma juani, taa ya nyuma ikiwa imezimwa. Mashine yenyewe ilikosolewa kwa mengi, lakini hiyo skrini naitamani kila nikikaa kwa veranda saa saba mchana.

OLED sitakaa sana. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliandika kuihusu mwaka wa 1987: kila nukta inawaka yenyewe, nyeusi ni nyeusi kweli. Tamu sana. Ila kama ni ya mitumba, weka picha nyeupe tupu na utafute kivuli cha menyu ya mwenyewe wa kwanza kilichobaki kimeungua pale. Kwa bajeti yetu pia ni nadra.

Jumamosi iliyopita nilienda mjini na dadangu mdogo, ameitwa chuo. Mama alitupa Ksh 30,000 na kutuangalia kwa macho fulani. Muuzaji akaanza, "Karibu siz, hii ni mashine safi, haina maneno." Nikamwomba afungue picha ya uso wa mtu, yoyote. Nikachuchumaa mbele ya kaunta hadi macho yangu yakawa chini ya skrini. Sura ikageuka ya mzimu. Muuzaji akacheka, "Sasa siz, utakuwa unatumia laptopu ukiwa chini ya meza?" Nikamwambia hapana, lakini nitakuwa nayo kitandani, na skrini hii ukiisukuma nyuma kidogo tu inabadilika.

Tukaangalia karatasi za modeli kwa simu. Hapo wanaficha mambo kwa herufi: HP huandika SVA wakimaanisha TN, na UWVA kwa zile za pembe pana, Dell huandika WVA. Ukiona "45% NTSC" ujue unapimiwa rangi kwa kipimo cha televisheni ya Marekani cha mwaka wa 1953, na kwamba zambarau yako iko mashakani.

Mashine ya tatu ilikuwa na IPS. Bei Ksh 29,500, kifuniko kina mkwaruzo mrefu kama imeburutwa kwa lami, na RAM yake ni nusu ya ile ya kwanza. Nilimweleza dadangu kila kitu, hadi karoti. Akasikiliza, akauliza, "RAM inaweza kuongezwa baadaye?" Muuzaji akasema ndiyo, nafasi iko. "Na skrini?" Hapo muuzaji akakuna kichwa, akataja bei ya kubadilisha, ikawa karibu theluthi ya mashine yenyewe.

Akachukua iliyokwaruzwa. Ukiigeuza ina stika ya msimbo wa kampuni fulani ya Uingereza, nambari 0417, haikubanduka vizuri. Nilitaka kuitoa kwa kucha tukiwa kwa matatu. Akanikataza, akasema anataka kukumbuka kwamba angalau mmoja wao alilipia zaidi.