Mlo Mbichi wa Mbwa

Ukifika buchani na kuuliza, "Kaka, nyama ya mbwa ipo?" muuza nyama hashangai. Anainama chini ya meza, anatoa mfuko wa mapafu, mishipa na mifupa iliyosalia baada ya wateja wa asubuhi, anapima. Wote wawili mnajua aliyechinjwa ni ng'ombe. Lakini yaandike maneno hayohayo kwenye paketi ya dukani, "Nyama Mbichi ya Mbwa", na msomaji ambaye hakuwapo pale buchani ana haki ya kuuliza ni nyama ya nani. Ile -a ya kuunganisha hubeba umiliki, asili na matumizi kwa pamoja, na katika mazungumzo macho na mazingira huamua kinachokusudiwa. Istilahi haipati msaada huo. Inasomwa na mtu aliye peke yake, pengine akiwa na mtoto wa mbwa mgonjwa miguuni pake.

Kitu ninachokitafutia jina ni mtindo wa ulishaji unaojulikana Ulaya, Marekani na Australia kwa ufupisho wa BARF. Aliyeueneza zaidi ni Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, kwa kitabu chake Give Your Dog a Bone cha mwaka 1993. Herufi hizo zina tafsiri mbili: mifupa na vyakula vibichi, au chakula kibichi kinachoafiki maumbile. Ya kwanza inataja kilichomo bakulini. Ya pili inabeba dai, kwamba mbwa ni wa ukoo wa mbwamwitu na kwa hiyo tumbo lake ni la nyama na mifupa, si la nafaka. Ukoo ni kweli. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi kuliko mbwamwitu za jeni inayotengeneza amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga. Maelfu ya miaka ya kulala karibu na jiko la binadamu yameacha alama mwilini mwake. Mbwa wa kwetu aliyekulia ugali na dagaa si kiumbe aliyepotoshwa. Ndiyo maana silitaki neno "maumbile" ndani ya istilahi yetu.

Linabaki "mbichi", neno lenye mambo mengi kuliko linavyoonekana. Embe bichi kinyume chake ni bivu. Kuni mbichi kinyume chake ni kavu, na nguo mbichi vilevile. Nyama mbichi haijapikwa. Samaki mbichi, ukimsikia mchuuzi wa sokoni akinadi, ni yule ambaye hajakaushwa wala kugeuzwa ng'onda. Kidonda kibichi hakijafunga. Katika yote hayo kuna hali ileile: unyevu na uhai ambao moto, jua au muda havijaugusa.

Kwa mlishaji wa mbwa, upana huo una faida kubwa. Nyama iliyoanza kunuka haijapikwa, lakini hakuna Mswahili atakayeiita mbichi, ataiita iliyovunda. Kwa hiyo anayeambiwa ampe mbwa wake nyama mbichi ameshaambiwa pia iwe nzima, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hilo ni nusu ya usalama. Faida nyingine nimeikuta kwenye matumbo. Walishaji wanaosema Kiingereza husifu matumbo ya ng'ombe yasiyosafishwa wala kuchemshwa, na huyaita ya rangi ya majani. Mfasiri mwenye haraka ataandika "matumbo ya kijani" na msomaji atadhani yameoza. Lakini hata Waingereza huliita embe lisiloiva kwa jina la rangi hiyo, nasi wenyewe tunasema kijani kibichi. Matumbo mabichi: neno lilikuwapo, lilingoja tu kutumiwa.

Linapokwama ni kwenye bidhaa moja. Kuna nyama inayogandishwa kisha ikanyonywa maji katika ombwe, bila kuguswa na moto. Watengenezaji huihesabu kuwa mbichi, ilhali iko kavu kama biskuti. Kuiita "mbichi kavu" ni kuyafanya maneno yapigane. Hapo napendekeza "nyama kavu isiyopikwa", na "mbichi" ibaki kwa yenye unyevu wake, hata kama imegandishwa.

Sasa nomino. Wapo watakaosema "chakula kibichi", na hawakosei, ila chakula ni chochote kilikacho, hata mfupa uliotupwa uani. "Lishe" ina sifa nzuri ya kutokana na kulisha, lakini kliniki na shule zimeshaipa kazi ya kutaja elimu nzima ya virutubisho. Nachagua "mlo". Mlo una saa yake na kipimo chake. Na tangu shule ya msingi tumelizoea neno lililo rafiki yake, mlo kamili, ambalo nadhani ndilo kiini cha jambo lote hili. Jina ninalolitetea, basi, ni mlo mbichi kamili wa mbwa, na atakayelifupisha asiidondoshe "kamili" kwanza.

Nalisisitiza kwa sababu ya kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu, wakati mbwa anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi, hadi kufikia maradufu. Mtoto wa mbwa mkubwa anayelishwa minofu mitupu huichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa hulegea, miguu hupinda, na mwenyewe anashangaa kwa kuwa alimpa nyama nzuri kuliko aliyokula yeye.

Kipimo kinachotumiwa na wengi wanaoanza ni nyama asilimia 80, mfupa 10, na viungo vya ndani 10, nusu yake ikiwa ini. Mbwa mzima hula kwa siku asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Mwenye kilo 20, tuseme, atapata gramu 500: nyama 400, mfupa 50, ini 25, na figo au bandama 25. Moyo na firigisi, ingawa vinatoka ndani, huhesabiwa kama nyama kwa kuwa ni misuli. Mfupa uwe mbichi na unaotafunika, kama wa shingo ya kuku, ambayo theluthi yake hivi ni mfupa. Ukishapikwa huvunjika vipande vikali vinavyochoma utumbo. Anza na nyama ya aina moja, badilisha kidogokidogo kwa wiki nzima au zaidi, na uangalie kinyesi. Kikiwa cheupe kama chokaa, mfupa umezidi. Kikilegea na kuwa cheusi, punguza ini. Hata hivyo kipimo hicho peke yake hupungukiwa na vitamini E, zinki, manganizi na iodini, ndiyo maana mlo wa kudumu unapaswa kupitiwa na daktari wa mifugo.

Na kuna Turkana. Huko, kaskazini-magharibi mwa Kenya, binadamu wameugua hidatidi, ugonjwa wa tegu wa mbwa, kwa viwango vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kurekodiwa duniani, na katika miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF liliendesha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo. Mbwa hutupiwa ini au mapafu ya mbuzi yenye vifuko vya maji. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo wa milimita chache. Tegu hukomaa utumboni mwa mbwa, mayai hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na mtoto anayecheza naye huyameza. Miaka baadaye uvimbe unaota kwenye ini la mtoto yule. Lile lililotupwa lilikuwa bichi kabisa. Halikuwa mlo.

Kugandisha vizuri kwa siku kadhaa huua vifuko hivyo, lakini salmonela hubaki hai, nayo huhamia kwenye kibao, kisu na ulimi wa mbwa. Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani tangu mwaka 2012 hakishauri kuwapa mbwa na paka nyama isiyopikwa, na anayeanza anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajanunua chochote.

Akishaamua, arudi buchani na aseme: shingo za kuku, moyo na ini, kila kimoja kwa kipimo chake, kutoka kwa mnyama aliyekaguliwa na kupigwa muhuri. Anaweza kuongeza kwamba ni mlo wa mbwa, na muuza nyama ataelewa kwamba mfuko wa chini ya meza hautakiwi.