Waipa za majira ya baridi: ipi inafaa kwa njia za nyanda za juu

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani huwa yamepita misimu kadhaa ya theluji kabla ya kupakiwa melini. Baadhi yake, hasa yaliyotoka kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini, hufika yakiwa bado na waipa za theluji. Mnunuzi huziona nene na nyeusi, zimefunikwa raba kutoka ncha hadi ncha, akadhani amepata waipa imara kuliko za kawaida. Kwa barabara za Afrika Mashariki mambo ni kinyume.

Waipa ya theluji ni kitu gani

Waipa ya kawaida ina fremu ya chuma yenye viungo vidogo vinavyoukandamiza mpira kwenye kioo kwa usawa. Theluji ikijaa kwenye viungo hivyo huganda, fremu hukakamaa na mpira hugusa kioo sehemu moja tu. Kuzuia hilo, waipa ya theluji huvalishwa koti la raba linaloziba fremu yote, na mpira wake hutengenezwa laini ili usikauke chini ya nyuzi 0.

Madereva wa Japani huzifunga kuanzia karibu Novemba na kuzivua theluji inapokwisha. Ni nzito, hushika upepo gari linapokwenda kasi, na mpira wake laini huisha upesi kwenye kioo chenye joto. Koti lenyewe likipigwa na jua kwa muda hupasuka, vumbi na maji yakaingia, na kutu ikaanza ndani isikoonekana.

Msafirishaji anayezihitaji kwa kweli ni yule anayefika kusini. Septemba 2024 theluji ilifunga barabara ya N3 kati ya Durban na Johannesburg, upande wa Van Reenen na Harrismith, na mamia ya magari yakakwama. Anayepakia Durban kati ya Juni na Septemba ana sababu ya kubeba jozi moja garini, pamoja na maji ya kioo yaliyochanganywa dawa ya kuzuia kuganda. Dawa hiyo mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu, hivyo isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hilo utingo aambiwe mapema.

Baridi ya huku ni ya namna nyingine

Kati ya Makambako na Uyole wakati wa kipupwe, au Limuru na Timboroa mwezi wa Julai, dereva hakutani na theluji. Hukutana na ukungu, manyunyu yasiyokwisha, na tope jembamba lenye mafuta ya dizeli linalorushwa na lori la mbele. Mvua kubwa hujisafisha yenyewe. Manyunyu ndiyo hatari, kwa sababu kioo huwa nusu kikavu, na mpira uliochakaa hupaka tope badala ya kulifuta. Taa za lori linalokuja zikigonga kioo cha namna hiyo usiku, dereva haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Timboroa iko juu ya mita 2,700 na lori lililoshiba mzigo halisimami kwa sekunde hizo.

Wanaopakia viazi alfajiri Makete au Kinangop hukuta pia sakitu kwenye kioo. Waipa isiwashwe ikiwa imeshikana na kioo, kwani mpira huchanika na fyuzi au mota huungua. Maji ya moto nayo hupasua kioo. Washa injini, elekeza hewa ya moto kwenye kioo na usubiri. Ukungu ulio ndani ya kioo si kazi ya waipa hata kidogo. Huo huondolewa kwa kuwasha AC ikipuliza kioo, na anayebadili waipa kwa sababu hiyo anatupa fedha.

Kipimo na ndoano

Makosa mengi ya dukani huanzia hapa. Urefu huuzwa kwa inchi au milimita: inchi 20 ni karibu milimita 500, inchi 24 ni 600, inchi 28 ni 700. Pima ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, kwa kuwa mara nyingi hazilingani. Gari la usukani wa kulia hupangiwa waipa zake zisafishe zaidi upande wa kulia, na la usukani wa kushoto, kama mengi ya Rwanda na Kongo, hupangwa kinyume. Jozi iliyonunuliwa Kampala kwa gari la Kigali inaweza kufanana kwa jina la gari na isifanane kwa urefu.

Ndoano ya mkono nayo ina vipimo. Magari madogo hutumia zaidi 9x3 au 9x4, na baadhi ya malori hutumia 12x4. Ndoano isiyokaa sawa ndiyo inayofanya waipa iruke njiani na chuma cha mkono kuchora kioo, na hapo hasara si ya waipa tena, ni ya kioo kizima.

Kwa kioo kilichonyooka cha lori la zamani, waipa ya fremu inatosha. Kwa kioo kilichopinda, waipa bapa isiyo na fremu hukandamiza vizuri zaidi na haina viungo vya kushika tope. Mpira wa asili huvumilia baridi lakini jua huumaliza. Wa silikoni hudumu zaidi juani, bei yake ikiwa juu.

Hesabu ifanywe kwa mwezi. Tuseme jozi moja ni Sh 30,000 na inadumu miezi 4, nyingine ni Sh 60,000 na inadumu miezi 12. Ya kwanza inagharimu Sh 7,500 kwa mwezi, ya pili Sh 5,000. Tofauti hiyo kwa kampuni yenye malori 20 si ndogo, na bado haijahesabiwa siku ambayo gari limelala njiani kwa sababu dereva haoni.

Fremu ikiwa nzima, mpira peke yake unaweza kubadilishwa. Pima upana wa mgongo wake kabla ya kwenda dukani. Za Japani nyingi ni milimita 6 au 8.

Jambo la mwisho ni mafuta ya taa. Madereva wengi husafishia kioo na mpira kwa mafuta hayo. Kioo hubaki na utando, na mpira huvimba na kupinda makali. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, kila gari linapojaza dizeli.