Tumbusi aliyeigonga ndege

Jamani, nimekuwa kimya wiki nzima. Habari hii niliipeleka kwa mhariri mmoja, akacheka: nani atasoma mambo ya tumbusi? Haya, naibandika hapa.

Tarehe 29 Novemba 1973 ndege ya abiria ilikuwa juu ya Abidjan, Ivory Coast, mita 11,300 kutoka usawa wa bahari. Ikagongana na kitu. Injini moja ikabidi izimwe, lakini ikatua salama. Ndege kagonga ndege, na Kiswahili chetu nacho hakisaidii! Kilichobaki ni manyoya machache tu. Yalipelekwa Smithsonian, Marekani, kwa Roxie Laybourne, mama aliyeweza kumtambua ndege kwa kipande cha unyoya. Kazi hiyo aliianza baada ya ajali ya Boston ya 1960, pale ndege wadogo walipoingia kwenye injini na watu 62 wakafa. Jibu la safari hii: tumbusi wa Rüppell.

Hebu fikiria. Kilimanjaro ina mita 5,895. Huyu alikuwa karibu mara mbili ya hapo, mahali ambapo binadamu bila oksijeni ya ziada huzimia kwa muda mfupi sana. Siri yake mojawapo imo kwenye damu: himoglobini yake inanasa oksijeni hata pale hewa ilipo nyembamba mno. Mpaka leo hakuna ndege mwingine anayejulikana kufika juu hivyo.

Na si mgeni kwetu. Anazaa kwenye majabali ya milima ya Gol, jirani na Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti angani kwa ndege ndogo, akaona wanavyopandishwa na hewa ya moto na kusafiri mbali wakiwafuata nyumbu, bila kupiga mbawa ovyo.

Sasa sumu inawamaliza. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe anautilia mzoga sumu ili amuue simba, tumbusi nao wanakula. Jangili naye anaupaka sumu mzoga wa tembo kwa makusudi, maana tumbusi wakizunguka juu, askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda. Tangu 2015 tumbusi wa Rüppell yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na anataga yai moja tu kwa msimu.